Hivi sangara anamwonaje chambo usiku wa giza totoro, tena kwenye maji ya tope?

Mzee_wa_Nansio
Wakuu salaam. Hili swali linanikera muda mrefu. Mimi ni mvuvi wa ndoano huku Ukerewe, Ziwa Victoria, nyavu niliacha. Jioni tunatega kamba ndefu yenye ndoano mia na kitu, chambo ni furu (visamaki vidogo vya ziwani) au vitoto vya kambare, vyote vikiwa hai, alfajiri tunaenda kutegua. Sasa kuna usiku hakuna mwezi, wingu limefunga, maji yamechafuka na mvua mpaka ukizamisha mkono huoni vidole vyako, na bado sangara wa kilo nane anakuja kule chini anameza furu wa saizi ya kidole gumba. Na furu akifa mapema ile ndoano mara nyingi naikuta vilevile nilivyoiacha. Macho hapana, maana hakuna cha kuonwa. Harufu nayo hapana, maana maiti ndio inanuka zaidi. Mimi nasema sangara anahisi maji yanavyotikisika. Shemeji yangu anasema naota. Wajuzi njooni.

Bwashee_Kirumba
Nachukua siti ya mbele. Shemeji yupi, yule aliyekuuzia injini ikazima katikati ya ziwa? 😂

Mzee_wa_Nansio
Huyo huyo. Tusimjadili hapa, anasomaga huu mtandao.

Mtoto_wa_Bi_Mkubwa
Ni harufu tu mkuu usijichoshe. Mimi nimewahi kupata kambare kwa kipande cha sabuni ya mche, sabuni kabisa ile ya kufulia, sasa sabuni inatikisika wapi? Samaki ana pua kuliko mbwa.

Mzee_wa_Nansio
Kambare sawa, yule hata soksi anakula. Mimi nazungumzia sangara.

ticha_wa_bios
Mleta mada uko kwenye njia sahihi, shemeji akuombe radhi. Kesho ukiwa mwaloni chukua sangara mmoja, mlaze ubavu, utaona mstari umeanzia nyuma ya shavu unakwenda mpaka mkiani kama mshono wa cherehani. Wengi wanadhani ni urembo. Ule ni mstari wa vitundu. Kila gamba la pale lina kijitundu, chini yake kuna mfereji una majimaji, na ndani ya mfereji kuna vifundo vya vinywele ambavyo kwa macho huvioni, vimevikwa kofia ya ute laini kama jeli. Maji ya nje yakisukumwa, ya mfereji nayo yanasogea, ile kofia inalala upande, vinywele vinapinda, taarifa inakwenda kwenye ubongo. Na seli zile ni ndugu kabisa na zilizomo ndani ya sikio lako wewe unayesoma.

Halafu vifundo viko vya aina mbili. Vingine viko juu ya ngozi wazi wazi, hivyo vinapima mwendo wa maji, mkondo unatoka wapi na una kasi gani. Vya ndani ya mfereji vinashika mabadiliko ya ghafla, yaani kitu kinachotetema karibu huku maji mengine yametulia. Furu aliyetungwa kwenye ndoano anapiga mkia muda wote, kwahiyo kwa sangara yule ni kama mtu anayepiga ngoma mlangoni.

Mama_Wawili_Igoma
Ticha asante. Mimi nauza samaki mwaka wa kumi na moja na huo mstari naukwangua kila siku, sikuwahi kujiuliza ni wa nini. Ila sato mbona wake umekatika? Unaanzia juu, unaishia katikati, halafu kingine kinaanza chini kuelekea mkiani.

ticha_wa_bios
Mama Wawili una jicho! Ndivyo ulivyo, sato na furu wote ukoo ule mmoja mstari wao ni vipande viwili. Wa sangara ni mmoja na unaingia mpaka ndani ya pezi la mkia. Hata mtu asiyejua samaki anaweza kuwatofautisha kwa hilo.

Mama_Wawili_Igoma
Basi nimewapata wale wanaochuna ngozi ya sangara mdogo wakauza minofu wakiita sato 😂😂

Bwashee_Kirumba
Mama wakichuna ngozi na mstari umeondoka nayo, utawakamatia wapi.

Jaduong_Dunga
Niaje wadau. Huku Kisumu tunamwita mbuta. Ticha hiyo ya vinywele tulisoma, lakini kuna kitu mnaruka. Hiyo mashine inafika mbali kiasi gani? Mimi nilisoma ni kama urefu wa mwili wa samaki mwenyewe, ikizidi sana mara mbili. Mbuta wa futi mbili na nusu atahisi chambo kikiwa mita moja, mita moja na nusu hivi. Sasa ziwa lote hili alifikaje ndani ya hiyo mita moja? Hapo bado hujajibu mzee.

ticha_wa_bios
Jaduong swali zuri na umbali uliotaja ni sahihi. Maji yanayosukumwa na kitu kidogo nguvu yake inakufa haraka sana ukisogea mbali. Kwahiyo mstari ni wa hatua ya mwisho. Ila kuna ujanja mwingine, nao ni njia. Samaki akipita anaacha nyuma yake vizunguzungu vya maji kama mtumbwi unavyoacha mkia wa mawimbi. Pale Konstanz, Ujerumani, watafiti walimweka kambare mkubwa wa Ulaya gizani kabisa na visamaki vidogo, wakarekodi kwa kamera zinazoona gizani. Kambare hakuwa anakwenda moja kwa moja kwa kisamaki, alikuwa anafuata njia ile ile aliyopita mwenzie, kona kwa kona, hata njia iliyopita sekunde kumi nyuma, halafu anambeba kwa nyuma. Hiyo ilitoka mwaka 2001.

Mtoto_wa_Bi_Mkubwa
Si ndio harufu hiyo! Kisamaki kimepita kimeacha harufu, kambare kaifuata. Umejifunga mwenyewe ticha 1-0.

ticha_wa_bios
Subiri VAR. Mwaka 2004 walirudia. Kundi moja wakaliharibia mstari, kundi lingine wakaliharibia uwezo wa kuonja kwa ngozi na ndevu. Wasio na mstari walishindwa kufuata njia, wasioonja wakaendelea kula kama kawaida. Goli limekataliwa.

Mtoto_wa_Bi_Mkubwa
Kuonja na kunusa ni kitu kimoja? Umesema wameharibu kuonja. Pua je? Bado nipo mchezoni.

Mzee_wa_Nansio
Na mimi naongeza, huyo ni kambare wa Ulaya na visamaki vyake vilikuwa vinaogelea huru. Chambo changu kimefungwa, hakiendi popote, kinapiga mkia pale pale. Hakuna njia ya kufuata.

Mvuvi_Mstaafu
Vijana nawasoma tu. Miaka yetu mzee alikuwa anatukataza kugonga kafi kwenye ubavu wa mtumbwi, ukigonga unapewa kofi kabla hata hujaomba radhi. Lakini kuongea tulikuwa tunaongea tena kwa sauti na samaki tunapata. Nikamuuliza akasema samaki hana masikio, anasikia kwa tumbo.

ticha_wa_bios
Shikamoo mzee. Baba alikuwa na hoja, ila masikio wanayo, yamo ndani ya fuvu hayana tundu la nje. Mkipasua kichwa cha samaki hamjakuta vijiwe viwili vyeupe? Ndivyo vya sikio hivyo. Maneno yako hewani mengi yanagonga uso wa maji yanarudi juu, lakini kafi likigonga mtumbwi sauti inaingia majini moja kwa moja, na majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Na la tumbo sio utani, kambare ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, ndio maana masikio yake makali. Sangara hana hivyo vifupa.

Mvuvi_Mstaafu
Marahaba. Vijiwe tunavijua, watoto walikuwa wanachezea. Kumbe ni masikio. Mzee angefurahi.

Mpemba_wa_Tandika
Assalaam alaykum. Nyie watu wa maji baridi mmejisahau, nasi tupo. Huku kwetu papa anasifiwa kwa kunusa damu, lakini mshipi ukiwa na samaki anayehangaika papa anafika hata damu haijatoka. Huko baharini miaka ya 60 walikwisha jaribu kwa spika, wakapiga mdundo mzito wa kukatika katika kama samaki aliyejeruhiwa, papa wakaja wakati hapakuwa na samaki wala damu. Sasa hapo ni sikio, ni mstari, au ni nini? Maana mdundo huo huo vyote viwili vinaushika. Naye ngisi ana vinywele vya namna hiyo kichwani na mikononi, na si samaki hata chembe.

Bwashee_Kirumba
Waalaykum salaam. Ngisi tena? Uzi umehama ziwa umekwenda Pemba.

Mpemba_wa_Tandika
Ngisi mtamu kuliko sangara wenu, tuanzie hapo.

Mndengereko_halisi
Nami niongezee basi. Mamba wa Rufiji. Mtaya wake umejaa vidoa vyeusi vidogo kama alichomwa sindano. Vile vinahisi mawimbi, ukichota maji na ndoo gizani anajua uko wapi. Ilipimwa Marekani kwa mamba wa kule mwaka 2002, walimziba masikio, taa wamezima, tone la maji likidondoka anageuka kulielekea, na vidoa vikifunikwa hageuki. Huyu wa kwetu anavyo mwili mzima, sio usoni tu. Kwahiyo usiku msiteke maji mtoni, tumieni kisima.

fundi_matangi
Sasa mmefika kwangu. Mimi nafuga samaki wa mapambo hapa Dar, kuna wawili lazima niwataje. Wa kwanza kipofu wa mapango ya Meksiko, hana jicho kabisa, ngozi imefunika. Mwachie kwenye tangi jipya anazunguka kasi, hagongi kioo. Anapoogelea anasukuma maji mbele yake, yakikaribia ukuta yanabanwa, yeye anahisi mbano huo, ila ni kwa sentimita chache tu. Chovya kijiti ukitetemeshe haraka haraka anakuja kukigusa. Wataalamu walipima, anavutwa zaidi na mtetemo wa kama mara 35 kwa sekunde, na ndugu zake wa nje ya mapango wenye macho wengi hawajali kijiti.

Wa pili ni Aulonocara wa Ziwa Malawi, yule bluu. Mtazame kidevuni ana matundu makubwa kama amepigwa risasi za mtutu wa bandia, ni ile mifereji ya ticha lakini imepanuka. Anaelea sentimita moja juu ya mchanga bila kutikisa pezi, utadhani kafa, ghafla anachoma mdomo mchangani anatoka na mdudu. Mdudu alikuwa amefukiwa! Walimjaribu na vikamba hai na vilivyokufa, gizani na mwangani. Alipendelea vilivyo hai. Halafu wakamtia dawa ya kobalti inayolemaza vile vinywele, gizani akawa hashambulii kama zamani, lakini kwenye mwanga akaendelea kula baada ya muda mfupi kwa sababu macho anayo.

Mnyakyusa_wa_Kyela
Ziwa NYASA. Soma tena ulichoandika. Ziwa Nyasa.

fundi_matangi
Samahani mkuu, kwenye maboksi wanaandika hivyo.

Mnyakyusa_wa_Kyela
Maboksi hayana mpaka. Endelea.

Kalemie_yetu
Jambo bandugu. Miye niko huku Kalemie, na kule Kongo-Central, zamani Bas-Congo, karibu na Mbanza-Ngungu iko pia samaki ya mapango, haina macho, nyeupe kama nyama ya kuku. Walimuandika tangu 1921 na sasa iko na sheria ya kumukinga. Hata huku Tanganyika iko vile vidogo vya chini sana vyenye matundu makubwa ya kichwa, usiku vinapanda huku juu kula. Lakini miye nataka kuuliza, ndakala yetu je? Ule mstari ya ubavu haina.

ticha_wa_bios
Karibu ndugu. Ni kweli, dagaa wa Kigoma na Kalemie ni ukoo wa wale samaki wadogo wa baharini waitwao simu, ubavuni hawana mstari, mifereji yao imebaki kichwani tu na imeunganishwa na sikio. Dagaa wa Mwanza ni ukoo mwingine kabisa, jina tu ndio limewaunganisha.

Jaduong_Dunga
Kwa hivyo omena, yaani huyo dagaa wenu wa Mwanza, na dagaa wa Kigoma sio kitu kimoja? Na nimekula zote miaka yote nikidhani ni cousin. Haya, turudi kwa mbuta. Kuna theory hamjagusa, stima, yaani umeme. Domodomo anatoa stima kidogo anajua kila kitu kinachomzunguka, kambare naye anahisi stima ya mwili wa samaki wengine. Labda mbuta pia?

ticha_wa_bios
Domodomo na kambare ndio. Sangara hana hivyo vihisi. Futa hiyo.

Kijana_wa_Boti
Mimi nimefanya kazi kwenye boti ya watalii wanaovua kwa fimbo. Chambo chao ni cha plastiki, hakina harufu hata kidogo, kinaburuzwa nyuma ya boti kinayumba yumba, na sangara wa kilo arobaini anakipiga. Kwahiyo Mtoto wa Bi Mkubwa sabuni yako kaa nayo.

Mtoto_wa_Bi_Mkubwa
Mchana huo! Jua limewaka, plastiki imepakwa rangi ya kung'aa, si anaona kwa macho. Wewe umethibitisha macho, hujathibitisha mtikisiko.

Kijana_wa_Boti
Basi macho yenyewe usiyadharau. Mmulike sangara tochi usiku uone jicho linavyowaka kama la paka. Jicho la namna hiyo limetengenezwa kwa ajili ya mwanga kidogo. Mzee wa Nansio anaposema hakuna cha kuonwa ni kwa macho yake yeye.

Nesi_mstaarabu
Samahani mimi si mvuvi ila nina swali la kizushi. Ndoano mnazitega jioni mnategua alfajiri. Nani amewaambia sangara alikula saa nane usiku? Huenda alikula saa moja jioni mwanga bado upo kidogo, au saa kumi na moja alfajiri. Furu aliyekufa saa tano usiku akakosa mlaji ni kwa sababu saa ya kula ilishapita.

Bwashee_Kirumba
Eeeh! Uzi mzima umepinduliwa na nesi 😂😂 Ticha uko wapi

ticha_wa_bios
Niko hapa nakuna kichwa. Ni hoja nzito kwa kweli.

Mzee_wa_Nansio
Nesi umenishika pabaya, ila mara mbili tatu nimetegua saa saba usiku upepo ulipobadilika nikakuta wameshika na wana nguvu bado, maana yake hawajakaa muda mrefu. Wa jioni ungewakuta wamechoka au wamekufa.

Nesi_mstaarabu
Mara mbili au tatu?

Mzee_wa_Nansio
Tatu. Ya tatu sikumbuki vizuri kama kulikuwa na mwezi.

Mvuvi_Mstaafu
Na jingine. Furu hai anaogelea anakaa juu ya tope kidogo. Furu akifa ananing'inia, ndoano inalala chini, kaa na konokono wanamzunguka. Sangara anayepita juu yake hata angekuwa na vinywele mwili mzima mbona angempita. Sio kwamba hatikisiki, hayupo mahali pake.

fundi_matangi
Mzee hiyo kali. Kwahiyo inabidi mfu naye aning'inizwe kimo kile kile ndio ulinganishe.

Jaduong_Dunga
Mimi naona zote zinafanya kazi kwa zamu. Mbali sikio na pua, akikaribia macho kama kuna mwanga, mita ya mwisho ndio mstari. Sangara hana sababu ya kuchagua moja kama sisi tunavyochagua timu.

Mtoto_wa_Bi_Mkubwa
Hizo siasa za Kenya, kila mtu apate wizara 😂

Mama_Wawili_Igoma
Nina swali, wale wa katuli wanaopiga maji ili samaki wakimbilie kwenye nyavu, kama samaki anahisi maji hivyo mbona hahisi wavu?

ticha_wa_bios
Mama wavu umetulia, hausukumi maji. Samaki angeuhisi kama yule kipofu wa fundi anavyohisi kioo, kwa kuhisi maji anayosukuma yeye mwenyewe, lakini uzi mwembamba maji yanapita pembeni, na yeye yuko kwenye mbio, zaidi ya hapo maji yote yanavurugika kwa vile vishindo. Mwenye kelele masikioni hasikii mnong'ono. Ila katuli ni haramu, sijakufundisha.

Mzee_wa_Nansio
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimefanya kama fundi alivyosema. Usiku tatu mfululizo hakuna mwezi, nimekaa mtumbwini mwenyewe kuanzia saa nne mpaka saa tisa, mishipi mitatu kimo kimoja, nimeweka viboya vidogo juu ya ndoano visilale chini. Wa kwanza furu hai. Wa pili furu mfu nimemwacha ametulia. Wa tatu furu mfu ila mimi mwenyewe nautikisa kwa kidole taratibu bila kuchoka, niliyoyapata mgongoni Mungu anajua. Hai: sangara wanne. Mfu ametulia: sangara mmoja, kambare wawili. Mfu wa kutikiswa: sangara wawili.

Bwashee_Kirumba
Hongera mkuu! Shemeji anasemaje?

Mzee_wa_Nansio
Anasema kidole changu kilikuwa kinanuka furu.

Mtoto_wa_Bi_Mkubwa
Shemeji namkubali. Na huyo sangara mmoja wa maiti iliyotulia aliletwa na nini?

ticha_wa_bios
Mtumbwi unayumba, mshipi unavutwa, mfu naye anacheza cheza. Hakuna aliyetulia hapo.

Nesi_mstaarabu
Wote saba umewapata saa ngapi ngapi?

Mzee_wa_Nansio
Sikuandika nesi. Kalamu ilidondoka majini usiku wa kwanza.

Mvuvi_Mstaafu
Uligonga mtumbwi ulipoitafuta?